Ukisikia Juba usibadilishe stesheni: Amani ya jirani inapita hapa Free Area

Simama kando ya barabara kuu pale Free Area jioni moja, uhesabu trela. Achana na matatu za Nairobi, achana na bodaboda zinazokimbilia Kiratina. Hesabu trela tu, zile ndefu zenye kontena mgongoni, dereva amechoka na taniboi anachungulia dirishani.

Zipo zinazoishia Eldoret. Zipo za Kampala na Kigali. Lakini katika msururu huo kuna zile zitakazovuka mpaka, zikate Uganda kuelekea kaskazini hadi Elegu, ziingie Nimule, kisha zimalize kilomita 192 za mwisho hadi Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini.

Sudan Kusini haina bahari. Bidhaa nyingi zinazotumika kule hushushwa Mombasa na kupita hapa hapa, mbele ya mtaa wako. Juba ikitulia, dereva anasimama Nakuru, anakula, ananunua tairi, anatuma doo nyumbani. Juba ikichafuka, trela zinaegeshwa. Aprili 2021 ilitokea hivyo: madereva walisimama Elegu wakakataa kuvuka, baada ya wenzao kuuawa kwenye barabara hiyo ya Juba. Kila siku trela ikiegeshwa, kuna familia mahali inayongoja pesa ambazo haziji.

Ndiyo maana habari za Juba zikianza redioni, usikimbilie kutafuta muziki. Kuna kazi inayoendelea ya kuzuia nchi hiyo isirudi vitani huku jirani yake, Sudan, ikiungua. Kazi hiyo ni diplomasia. Wengi wetu tunaijua kwa suti, zulia jekundu na hoteli za bei. Hebu leo tuangalie inavyofanya kazi, na kwa nini Kenya, iliyokuwa fundi wa kazi hiyo, sasa inaulizwa maswali.

Nyumba iliyopakana na moto

Vita vya Sudan vilianza Aprili 15, 2023 jijini Khartoum. Upande mmoja ni jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni kikosi cha RSF chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, ambaye wengi wanamjua kama Hemedti. Wawili hawa walikuwa washirika. Waliungana kupindua serikali Oktoba 2021, kisha wakakosana kuhusu nani awe chini ya nani.

Wakati huo Sudan Kusini ilikuwa bado inauguza vidonda vyake. Ilipata uhuru Julai 9, 2011. Desemba 2013, kabla hata ya kufikisha miaka mitatu, Rais Salva Kiir na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, wakaingia vitani. Makubaliano ya 2015 yalivunjika Julai 2016. Mengine yakatiwa saini Addis Ababa mnamo Septemba 12, 2018, na serikali ya umoja ikaundwa Februari 2020, Machar akiwa makamu wa kwanza wa rais.

Sasa sikiliza hii. Wadhamini wa makubaliano hayo ya 2018 walikuwa Uganda na Sudan. Sehemu kubwa ya mazungumzo ilifanyika Khartoum kwenyewe, chini ya Rais Omar al-Bashir. Bashir aling'olewa mamlakani Aprili 2019, na miaka minne baadaye Khartoum ikawa uwanja wa vita. Ni kama kuchukua mkopo kwenye chama, halafu yule aliyekudhamini anapigiwa mnada nyumba yake.

Tangu vita hivyo vianze, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kutoka Sudan na kuingia Sudan Kusini. Wengi wao ni raia wa Sudan Kusini waliokuwa wamekimbilia kaskazini miaka ya nyuma, na sasa wanarudi mikono mitupu katika nchi ambayo haikuwa na chakula cha kutosha hata kabla hawajafika.

Mafuta yanayopita katikati ya vita

Lakini hatari kubwa zaidi imo ndani ya mabomba. Takriban asilimia 90 ya mapato ya serikali ya Juba hutokana na mafuta ghafi. Mafuta hayo yana njia moja tu ya kufika sokoni: kupitia Sudan hadi Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu.

Februari 2024 bomba kuu lilipasuka katika eneo la mapigano. Mafundi hawangeweza kufika na kurekebisha huku risasi zikilia. Sehemu kubwa ya mauzo ya nje ya Sudan Kusini ilikwama kwa karibu mwaka mzima. Walimu, wauguzi na wanajeshi wakakaa miezi bila mshahara. Mwalimu asipolipwa, anaacha kufundisha aende akatafute kibarua. Mwanajeshi asipolipwa, bado ana bunduki.

Ndipo utaona kwa nini Juba haiwezi kuchagua upande katika vita vya Sudan. Burhan anashikilia bandari ambako bomba linaishia. RSF nao wanaweza kufika mahali ambapo bomba linapita. Serikali ya Kiir inalazimika kuongea na wote wawili, kila wiki, hata pale ambapo wao kwa wao hawataki kuonana.

Desemba 2025 jambo hilo lilijaribiwa. RSF waliteka Heglig, eneo la mafuta kwenye mpaka, ambalo pia lina mitambo inayoshughulikia mafuta ya Sudan Kusini. Wafanyakazi wakaondolewa. Watu walidhani basi, imekwisha. Ndani ya siku chache kukatangazwa mwafaka wa pande tatu, yaani jeshi la Sudan, RSF na Sudan Kusini: wanajeshi wa Sudan Kusini waingie wailinde mitambo isiharibiwe.

Fikiria hilo kidogo. Watu wanaouana kila siku walikubaliana kuhusu mitambo ya mafuta. Si ati walipata huruma ghafla. Kila mmoja wao anakula kutoka kwa bomba hilo, au anatarajia kula kesho. Makubaliano hudumu pale ambapo kila upande una kitu cha kupoteza ukiyavunja.

Somo lililoandikwa Naivasha

Wakenya wanalijua somo hilo, maana liliandikwa katika kaunti hii hii. Panda matatu Nakuru uelekee Nairobi, na kabla hujatoka kwenye kaunti utapita Naivasha. Hapo ndipo vita vya Sudan vya tangu 1983, vilivyogharimu maisha ya takriban watu milioni mbili kwa risasi, njaa na maradhi, vilipomalizwa kwenye karatasi.

Msuluhishi mkuu alikuwa Luteni Jenerali Lazarus Sumbeiywo, mwanajeshi wa Bonde la Ufa, akifanya kazi kwa niaba ya IGAD, muungano wa nchi za kanda hii. Hatua ya kwanza ilipigwa Machakos, Julai 20, 2002. Septemba 2003 John Garang wa waasi wa SPLM na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walikutana ana kwa ana Naivasha na wakaendelea kuongea kwa miezi.

Hawakuimba nyimbo za umoja. Walijadili vitu vya kushikika. Septemba 2003 walikubaliana kuhusu majeshi. Januari 2004 wakagawana pesa za mafuta: asilimia 2 iende kwa jimbo yanakochimbwa, na kinachobaki cha mafuta ya kusini kikatwe nusu kwa nusu kati ya Khartoum na serikali ya kusini. Mei 2004 wakagawana mamlaka. Wakaweka na ratiba: miaka sita, kisha wananchi wa kusini wapige kura waamue kubaki au kujitenga. Mkataba mzima ulitiwa saini uwanjani Nyayo, Nairobi, Januari 9, 2005, huku Marekani, Uingereza na Norway wakiwa mashahidi wenye nguvu na pesa.

Julai 30, 2005 Garang alikufa kwenye ajali ya helikopta. Khartoum ikalipuka kwa ghasia. Mkataba ungefia hapo, lakini ulidumu. Kiir akachukua nafasi yake, na Januari 2011 karibu asilimia 99 ya waliopiga kura ya maamuzi walichagua kujitenga. Khartoum ikakubali matokeo.

Mkataba ulikuwa na mapengo. Suala la eneo la Abyei lilibaki kama mwiba hadi leo, na viongozi wa kusini hawakupatanishwa wao kwa wao, deni lililodaiwa kwa damu mwaka 2013. Lakini jiulize Kenya ilikuwa na nini pale Naivasha. Hatukuwa na pesa za kuwahonga wala jeshi la kuwatisha. Tulikuwa na kitu kimoja: pande zote mbili ziliamini kwamba hatuna mtu wetu kati yao.

Machi iliyotisha

Turudi juzi. Machi 4, 2025 vijana wenye silaha wanaojulikana kama Jeshi Jeupe walivamia na kuteka kambi ya jeshi mjini Nasir, jimbo la Upper Nile. Siku tatu baadaye helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa wanajeshi ilishambuliwa. Mmoja wa wahudumu wake aliuawa, na jenerali aliyekuwa akiokolewa pia. Machi 26 Machar akazuiliwa nyumbani kwake Juba. Mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo, Nicholas Haysom, akaonya kwamba nchi ilikuwa ukingoni mwa kurudi vitani.

Simu zikaanza kulia. Rais William Ruto aliongea na Kiir, akashauriana na viongozi wa Uganda na Ethiopia, kisha akamtuma Raila Odinga. Raila alifika Juba Machi 28. Alimwona Kiir. Akaomba kumwona Machar, akanyimwa. Kutoka hapo akaenda Uganda kuongea na Rais Yoweri Museveni, ambaye tayari alikuwa ametuma wanajeshi Juba. Umoja wa Afrika nao ukawatuma wazee wake, akiwemo rais wa zamani wa Burundi, Domitien Ndayizeye, na Jaji mstaafu wa Kenya, Effie Owuor.

Juba haikulipuka mwezi ule. Lakini usidanganyike kwamba mambo ni poa. Mapigano yameendelea majimboni. Septemba 2025 Machar alishtakiwa kwa makosa yakiwemo uhaini na mauaji. Uchaguzi ambao umeahirishwa mara kadhaa sasa umewekwa Desemba 2026. Mazungumzo ya Tumaini, ambayo Kenya iliyazindua Nairobi Mei 9, 2024 chini ya Sumbeiywo yule yule wa Naivasha, yaliyumba baada ya upande wa Machar kujiondoa Julai mwaka huo. Na Raila, ambaye angalau milango ilikuwa ikifunguliwa akibisha, alifariki Oktoba 15, 2025.

Refa akivaa jezi

Hapa ndipo stori inatugusa vibaya. Juni 2023 IGAD ilimteua Ruto kuongoza kundi la nchi nne za kutafuta suluhu ya vita vya Sudan. Jeshi la Burhan lilimkataa, likidai yuko karibu na Hemedti. Januari 2024 Sudan ikasimamisha uanachama wake katika IGAD.

Kisha Februari 2025, RSF na washirika wao wakakusanyika katika jumba la KICC, Nairobi. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wametia saini mkataba wa kuunda serikali yao ndani ya Sudan. Burhan akamwita balozi wake nyumbani. Mwezi uliofuata Sudan ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo, na Sudan imekuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa chai yetu. Ukitaka kujua maana yake, usiende mbali. Chai hulimwa Kuresoi, ndani ya kaunti hii hii.

Tuwe wa haki. Serikali ilijitetea kwamba Kenya inatoa jukwaa kwa kila mtu, na kwamba huwezi kuleta amani bila kuongea na wenye bunduki. Hoja hiyo ina uzito. Garang pia alikuwa muasi, na tulimpa kiti.

Tofauti ni hii. Naivasha kulikuwa na meza moja, na pande mbili zinazopigana ziliketi hapo. KICC kulikuwa na upande mmoja, ukitangaza mipango yake. Ukimkaribisha mmoja wa majirani wanaogombana, akaandika sebuleni kwako karatasi ya kugawa boma la mwenzake, usishangae mwenzake akikukatia salamu.

Na haya hayaishii Sudan. Bomba la Juba linaishia Port Sudan, kwa Burhan. Kenya ikitaka kuituliza Juba, inahitaji siku moja kupiga simu Port Sudan na ipokewe. Msuluhishi asiyepokewa simu hana kazi.

Sisi pia tulipatanishwa

Kama una miaka 20 hivi, Januari 2008 ulikuwa mtoto mchanga. Waulize wazazi, au mama mwenye duka hapo kwenu. Vita vya baada ya uchaguzi vilifika Nakuru, majirani wakafukuzana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya waliopoteza makao. Nchi nzima, zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Wakati huo sisi ndio tulikuwa jirani anayeungua. Reli iling'olewa Kibera. Barabara hii unayoiona ilifungwa kwa mawe na matairi. Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Nao wakagundua kwamba amani ya Kenya ni ugali wao.

Kofi Annan alitua Nairobi Januari 22, 2008, akiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Nakuru na Naivasha zilichafuka zaidi siku chache baada ya yeye kufika, kwa hivyo usidhani msuluhishi anakuja na fimbo ya Musa. Alikaa wiki tano. Februari 28, Mwai Kibaki na Raila wakatia saini, huku Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akishuhudia.

Na jambo ambalo vijana wengi hawajui: katika timu ya ODM iliyoketi kwenye meza ile ya Annan walikuwemo William Ruto na Musalia Mudavadi. Mmoja leo ni Rais. Mwingine ni Mkuu wa Mawaziri aliyekabidhiwa pia mambo ya nje. Wanajua, kwa kuketi pale wenyewe, jinsi msuluhishi anavyofaa pale tu ambapo kila upande unamwamini. Kwa hivyo ni haki kabisa kuwauliza kwa nini jirani mmoja ametukataa.

Basi wewe ufanye nini?

Kwanza, ukisoma kichwa cha habari kuhusu mkutano wa amani, uliza maswali manne. Nani yuko mezani? Nani ameachwa nje, na ana bunduki ngapi? Kila upande utapoteza nini ukivunja ahadi? Na nani anasimamia ratiba? Yakikosa majibu, hiyo ni picha ya pamoja tu.

Pili, chunga simu yako. Januari 2025, video za raia wa Sudan Kusini wakiuawa katika jimbo la Gezira, Sudan, zilisambaa mitandaoni. Vijana wa Juba wakaingia barabarani na kuvamia maduka ya wafanyabiashara wa Sudan, watu wakafa, na serikali ikafunga Facebook na TikTok kwa siku kadhaa. Wale wafanyabiashara hawakuwa wameua mtu. Hapa Nakuru kuna vijana wa Sudan Kusini wanaosoma nasi na kuishi plotini kwetu. Kabla hujasambaza klipu inayowatukana, kumbuka mji huu ulivyogeuka Januari 2008.

Tatu, uchaguzi wetu ni Agosti 2027. Wagombea watakuja hapa na barakoa za tabasamu, wataongea barabara, maji na kazi. Waulize pia kuhusu soko la chai lililofungwa na kuhusu usalama wa madereva wanaoenda Juba. Mwambie akujibu kama kazi ya mbunge ni pamoja na kuhoji sera ya nje bungeni. Ndiyo, ni pamoja. Kamati ya Bunge ya kushughulikia mambo ya nje ipo, na inalipwa kwa ushuru wako.

Uaminifu uliojengwa Naivasha bado haujaisha wote. Juba bado inatupokea. Sumbeiywo ameitwa tena baada ya miaka 20, na hiyo inamaanisha kuna watu kule wanaokumbuka alivyofanya kazi. Lakini Desemba 2026 inakaribia, na trela zinaendelea kupita. Ukiziona jioni hii, jua kwamba usalama wa dereva aliye ndani unategemea pia kama simu kutoka Nairobi bado zinapokewa.